Shajara ya mradi: Kurudisha weusi wa mitutu ya bunduki ya marisau kwa kutu na maji ya moto, Kampala

12 Februari: Ukaguzi

Bunduki ni ya marisau, geji 12, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, urefu wa inchi 28 (sm 71), kazi ya Birmingham. Mmiliki wa zamani aliipulizia rangi nyeusi ya mkebe kuanzia mdomo wa mitutu hadi kinga ya triga. Rangi imeanza kubanduka, na kila ilipobanduka pana kutu ya kahawia. Kazi ni kuivua rangi hiyo, kusafisha chuma, kisha kurudisha weusi kwa njia ya kizamani: unatia kutu nyembamba, unaichemsha igeuke nyeusi, unaisugua, unarudia. Mbao hazimo katika shajara hii.

Karatasi kwanza. Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na anayetengeneza silaha za watu kama biashara awe na leseni. Kazi inafanyika ndani ya karakana yenye leseni, na nakala ya cheti inakaa na bunduki. Namba ya bunduki na alama za majaribio za Birmingham (mihuri inayoonyesha kwamba mitutu ilijaribiwa) zilizo chini ya mitutu haziguswi na tupa wala msasa, hata kama kuna kutu juu yake. Hapo tunatumia mafuta na kijiti cha mbao tu. Bunduki iliyofutika namba haielezeki mbele ya polisi.

Chemba zimetazamwa, ziko tupu, na katriji zote zimetolewa chumba cha kazi.

Vipimo vinne vilivyofanyika kabla ya kuamua lolote:

Kwanza, je, mitutu ni ya damaski? Mitutu ya aina hiyo, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, haikutengenezwa kwa baruti ya leo, na namna ya kuipa rangi ni nyingine. Tulisugua sehemu ndogo inayofichwa na mbao ya mbele, tukapaka feriki kloraidi (ile wanayotumia mafundi wa redio kula shaba ya bodi). Mistari ya msokoto haikutokea. Ni chuma kimoja.

Pili, mbavu (vipande virefu vya chuma vinavyounganisha mitutu miwili, juu na chini) zimeshika? Mitutu ilining'inizwa kwa kamba kupitia kulabu ya chini, ikagongwa kwa kipini cha mbao. Ilitoa mlio mrefu, safi. Mlio uliokufa au wenye mtetemo wa kuparaza ungeonyesha kwamba lehemu imeachia mahali, na kazi ingesimama hapo mpaka mbavu zilehemiwe upya.

Tatu, unene wa ukuta. Kipimo cha saa (chenye uso na mshale kama wa saa) kilifungwa juu ya nondo ndefu yenye ncha ya mviringo inayoingia ndani ya mtutu. Mahali pembamba kabisa, upande wa kushoto una mm 0.72, wa kulia mm 0.69. Mafundi wengi wa Uingereza hawapendi kuona chini ya mm 0.5 (elfu ishirini za inchi). Kwa hiyo nafasi ya kupiga tupa ipo, ila si kubwa.

Nne, urefu wa chemba: inchi 2½, yaani mm 65. Katriji nyingi madukani ni za mm 70. Hili halihusu rangi, lakini mwenye bunduki ameandikiwa kwenye risiti.

15 Februari: Kwa nini si chumvi za moto

Swali hili huulizwa kila mara, basi tulimalize. Viwandani bunduki nyingi hutiwa weusi kwa kuzamishwa ndani ya soda kali na naitreti inayochemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ni njia ya haraka na hutoa weusi wa kung'aa. Lakini mbavu za bunduki hii zimeshikwa kwa lehemu laini ya madini ya bati na risasi, na soda kali ya moto hula bati na risasi. Hata lehemu ikinusurika, chumvi hupenya chini ya ubavu na kukaa humo. Miezi baadaye hutoka kwenye mshono kama unga mweupe, na kutu hufuata nyuma yake. Bunduki yenye mitutu miwili iliyolehemiwa haiendi kwenye chumvi za moto, basi.

Maji yanayochemka hayafiki popote karibu na nyuzi 183 ambazo lehemu ya aina hiyo huanza kuyeyuka. Ndiyo sababu njia ya kutu ilidumu kwa bunduki za aina hii.

Boksi la mitambo halitiwi weusi. Bado lina mabaki ya rangi za kugumishwa uso, kijivu na kahawia yenye mawingu, na uso huo mgumu ndio unaolinda bawaba isilike. Wapo wanaopitisha moto wa gesi juu ya boksi ili kuigiza rangi hizo. Rangi hutokea kweli, ugumu huondoka. Hapa litasafishwa kwa mafuta tu.

16 Februari: Kufungua

Parafujo zote zililowekwa mafuta ya kupenya usiku kucha. Bisibisi za kawaida zina ncha nyembamba kama kabari na hung'oa kingo za mfereji, kwa hiyo ncha zilinolewa kwenye jiwe mpaka zikajaa mfereji upana na kina. Parafujo moja ya kinga ya triga ilikataa. Ncha ya chuma cha kulehemu iliwekwa juu yake dakika mbili, ikapoa, ikatoka. Kila parafujo ilichomekwa kwenye kadibodi mahali pake, kwa sababu zinafanana na hazibadilishani.

21 Februari: Kuvua rangi ya mkebe

Tina ya rangi ilitosha kwa sehemu kubwa. Kilichobaki kwenye mshono wa mbavu kilikwanguliwa kwa kipande cha shaba nyeupe.

Kuondoa weusi wa zamani na kutu, tulitumia siki ya kawaida kwenye kitambaa, kupangusa na kurudia. Tafadhali kitambaa, si kuzamisha. Mitutu ikilowekwa kwenye siki, asidi huingia chini ya ubavu kama zile chumvi. Baada ya siki, maji yenye bekingi soda, kisha kukausha papo hapo kwa draya ya nywele. Chuma kilicho uchi katika hewa ya Kampala huanza kugeuka rangi kabla hujamaliza kukunja kitambaa.

Chini ya rangi kulikuwa na vijishimo, vingi mahali mkono wa kushoto unaposhika. Jasho lina chumvi, na rangi ya mkebe iliifungia humo. Kijishimo kirefu kabisa tulichoweza kupima kilikuwa mm 0.12.

1 Machi: Kusawazisha, na tulichoamua kuacha

Hesabu ni fupi. Kufuta vijishimo vyote kungekula mm 0.12 kutoka kwenye ukuta wa mm 0.69. Tungebaki juu ya nusu milimita, lakini bila akiba kwa fundi atakayekuja baada yetu. Tuliondoa takriban mm 0.05 na kuacha vile virefu. Vitaonekana kama nukta ndogo chini ya weusi. Mteja aliyetaka mitutu laini kama kioo ameelezwa, akakubali.

Tupa laini ya inchi 10 ilivutwa kwa urefu wa mtutu, imeshikwa kwa mikono miwili, haisukumwi kama ya kukata. Paka chaki kwenye meno ya tupa kila baada ya mipigo michache. Bila chaki, vipande vya chuma hukwama kati ya meno na kuchora mfereji mrefu ambao msasa hautautoa.

Kisha msasa namba 220, 320, halafu 400, daima ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha mbao chenye ngozi chini. Msasa ulioshikwa kwa vidole huingia ndani ya kijishimo na kukipanua kuwa bonde, na huviringisha kingo za ubavu. Mashine ya kung'arishia yenye gurudumu la kitambaa haikuguswa kwa sababu hizo hizo: inakula herufi, inafanya matundu ya parafujo yawe kama visahani.

Mikwaruzo ya mwisho lazima iende kwa urefu. Mkwaruzo wa kukata mtutu hauonekani kwenye chuma cheupe, lakini weusi huuonyesha waziwazi.

Na tuliishia 400. Chuma kilichong'arishwa zaidi ya hapo hakipokei kutu sawasawa, dawa ya kutia kutu hujikusanya matone.

Jambo moja lililochukua muda mrefu kuliko lilivyostahili: lehemu iliyopakazwa. Tupa ikipita juu ya mshono wa ubavu huvuta lehemu laini na kuipaka juu ya chuma, tabaka jembamba lisiloonekana. Lehemu haishiki kutu, kwa hiyo haitakuwa nyeusi kamwe. Kwenye kipande cha majaribio ilitokea kama mstari wa fedha, upana wa mm 2, pembeni mwa mshono. Dawa yake ni kukwangua kwa blade ya msumeno wa chuma iliyonolewa mraba, taratibu, mpaka mstari uwe mwembamba kama uzi. Uzi wenyewe utabaki. Hata bunduki mpya za zamani zinao.

8 Machi: Tangi, maji, vizibo

Tangi la stenlesi, sm 95 kwa 15 kwa 15, lilikunjwa na kulehemiwa Katwe, mtaa wa hapa Kampala. Bati la mabati tulilikataa: zinki ikigusana na chuma ndani ya maji hukilinda kisishike kutu, nasi tunaitaka kutu. Chini yake sigiri mbili za makaa. Mitutu hailali kwenye sakafu ya tangi, inakaa juu ya vyuma viwili vyenye umbo la V.

Maji ndiyo watu wengi hudharau. Ya bomba yana klorini, ya visima mara nyingi yana chokaa na chumvi, na vyote huacha madoa. Ya mvua ni mazuri, ila acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na masizi ya paa, kinga ya baadaye, chuja kwa kitambaa. Kwa raundi za mwisho tulinunua maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Angalia chupa mara mbili, kwani duka hilo hilo huuza asidi ya betri katika jerikeni zinazofanana.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kutu hugeuka nyeusi vizuri tu kwa joto hilo, ila tunachemsha dakika 20 badala ya 10 zinazotajwa kwa nchi za pwani. Mtu wa Kabale aongeze kidogo tena.

Vizibo: mbao ya musizi iliyokauka, imechongwa mbenuko, inagongwa mdomoni na kwenye chemba. Mbao yenye utomvu au tanini nyingi haifai, hutoa rangi ndani ya maji. Kasoro ilijitokeza kwenye jaribio la maji matupu: hewa iliyofungiwa ndani ya mtutu hupanuka ikipata moto, na kizibo cha upande wa chemba kikaruka hadi dari. Sasa kila kizibo cha nyuma kimetobolewa na kupitishwa bomba dogo la chuma lililokunjwa kwenda juu, mdomo wake nje ya maji. Hewa inapumua, maji hayaingii.

14 Machi: Majaribio ya dawa kwenye vyuma chakavu

Mchanganyiko wa siki, haidrojeni peroksidi na chumvi ya mezani unasifiwa sana kwa sababu unashika kutu kwa dakika. Ndiyo kasoro yake. Kutu ni nene, ya chembe kubwa, na chini yake chuma kimeliwa. Baada ya kuchemsha na kusugua, uso ulibaki kijivu cha madoadoa na mkwaruzo kama msasa namba 180. Kwa jembe au koleo sawa. Kwa mtutu, hapana.

Dawa ya pili ni ya chupa, iliyotengenezwa mahsusi kwa kutia mitutu kutu polepole, iliyokuja kupitia Nairobi. Hii inachukua saa kadhaa, inatoa kutu ya unga laini wa rangi ya chungwa, na baada ya kuchemsha unga huo ukawa mweusi kama makaa mepesi. Hiyo ndiyo tunayotaka. Kwa wanaopenda kujua sababu: kutu nyekundu ni oksidi yenye maji ndani yake, na ndani ya maji yanayochemka hugeuka kuwa oksidi nyeusi ile inayovutwa na sumaku, ambayo imeshika chuma barabara. Kisichoshika hutoka kwa kusugua.

Dawa za zamani zilizotumia chumvi za zebaki hatuzigusi. Mapishi yake bado yanazunguka. Zebaki haitoki karakana ikiingia.

20 Machi: Raundi ya kwanza, iliyoharibika

Mitutu ilichemshwa kwenye maji yenye magadi kuondoa mafuta, ikasuuzwa kwa maji mawili tofauti (magadi ya asili yana chumvi ndani yake), ikapanguswa kwa asetoni. Asetoni iwe safi ya dukani. Ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato. Na wakati wa asetoni hakuna sigiri inayowaka ndani ya chumba.

Glavu za hospitali zisizo na poda. Poda huacha alama.

Dawa ilipakwa kwa pamba iliyofinywa mpaka karibu ikauke, mpapaso mmoja mrefu kutoka nyuma hadi mdomo, bila kurudia juu ya mahali palipokwisha pakwa. Saa tatu baadaye kutu nzuri, ya sawasawa. Tangi likachemka, mitutu ikaingia.

Ikatoka na madoa. Upande wa chini, kuanzia kishikizo cha mbao ya mbele kuelekea mdomoni, palikuwa na ukanda wa vidole vitatu usioshika kitu, wenye kingo za upinde wa mvua. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa. Mafuta.

Yalitoka wapi, na mitutu ilikuwa imesafishwa? Kati ya mitutu miwili na mbavu mbili kuna uwazi, bomba la pembetatu la urefu wote. Bunduki nyingi zina tundu dogo chini ya ubavu, karibu na kishikizo, na kila aliyewahi kuipaka bunduki hii mafuta aliyaongeza humo. Yakiwa baridi hayatoki. Yakifika nyuzi tisini yanakuwa mepesi kama maji na kupanda juu, na mitutu inapotolewa inapita katikati ya utando huo.

Mlio mzuri wa 12 Februari haukudanganya, lehemu iko salama. Mlio hausemi chochote kuhusu kilichomo ndani.

24 Machi: Kutoa mafuta ya ndani

Njia iliyofaa, baada ya ile ya kuchemsha peke yake kuonekana kazi bure:

Mitutu ilichemshwa na magadi nusu saa, tundu likitazama juu, utando ukiondolewa kwa karatasi ya gazeti inayoburuzwa juu ya maji. Ikatolewa ikiwa moto, ikapinduliwa tundu chini, mdomo chini kidogo, ikaachwa ichuruzike juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kilipata doa la kahawia. Ilipopoa kabisa, nje ya jengo, asetoni ilisukumwa ndani ya tundu kwa bomba la sindano, mitutu ikatikiswa ncha hadi ncha, ikamwagwa. Kurudia mzunguko huo mpaka asetoni itoke bila rangi na kitambaa kibaki cheupe. Usichemshe tena kabla harufu ya asetoni haijaisha kabisa. Mvuke wake na makaa ni hatari tupu.

Asetoni iliyotumika ilikuwa lita moja na nusu, nyingi kuliko kazi nyingine zote kwa pamoja.

Kisha tundu likazibwa kwa kijiti cha musizi chenye ncha, kilichokatwa sawa na uso. Lisipozibwa, maji huingia wakati wa kuchemsha, halafu hudondoka polepole mitutu ikiwa imening'inia na kuchora michirizi. Kijiti kitatolewa mwishoni.

Uso wote ukarudishwa kwa msasa 400, tukaanza upya.

29 Machi hadi 4 Aprili: Raundi

Raundi ya kwanza ya mara hii: kijivu cha kufanana, hakuna doa. Ya tatu: kijivu cheusi. Ya tano: weusi wenye samawati ndani yake ukiutazama dirishani.

Kusugua kunafanywa kwa stiliwaya laini kabisa, namba 0000. Hutoka kiwandani ikiwa na mafuta, kwa hiyo ilioshwa kwa asetoni na kuanikwa kwanza. Ile ya jikoni yenye sabuni haifai hata kidogo. Mkono mwepesi: unaondoa unga mweusi unaokaa juu, hung'oi weusi ulioshika. Kingo za mbavu ndizo zinazobaki nyeupe kwa sababu watu husugua hapo zaidi bila kujua.

Sanduku la unyevu (mbao, beseni la maji chini, balbu ya wati 40) lilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Mvua za mwishoni mwa Machi zililifanya kuwa la bure. Chumba chenyewe kilikuwa na unyevu wa kutosha, na mitutu iliyoning'inizwa ukutani ilishika kutu kwa saa mbili badala ya nne.

Hapo ndipo raundi ya sita ilipokwenda vibaya. Mitutu ilipakwa jioni na kuachwa mpaka asubuhi, muda ambao maelekezo ya chupa yanauruhusu. Maelekezo yameandikwa kwa nchi kavu zaidi. Usiku ulikuwa wa mvua, na asubuhi kutu ilikuwa nene, imekuwa na vinundu mdomoni mwa mtutu wa kulia, mahali hewa ya mlangoni inapopiga. Baada ya kuchemsha na kusugua, vinundu viliacha uso mkavu, usio na mwanga, sm 4 kwa urefu. Hakukuwa na haja ya kuanza upya. Sehemu hiyo ilisuguliwa kwa msasa 600 uliolowekwa maji yaliyokenekwa mpaka ukavu ukaisha, ikapakwa peke yake raundi mbili, ncha za mpapaso zikififishwa, halafu raundi ya jumla. Ukijua ilipo utaiona.

Kuanzia hapo: hakuna kutu ya usiku wakati wa mvua. Paka asubuhi, tazama kila nusu saa, chemsha mara unga unapofunika uso wote. Kutu haitakiwi kukomaa.

Kasoro nyingine ndogo: matone. Mitutu ikitolewa kwenye maji yanayochemka hukauka yenyewe kwa sababu ya joto, isipokuwa kwenye mshono wa ubavu ambako maji hukwama na kuacha nukta za kahawia. Draya ya nywele, ikielekezwa kwenye mshono kuanzia juu kwenda chini, inamaliza hilo. Kompresa haifai, hewa yake ina mafuta.

Tulisimama raundi ya tisa ilipotoka bila kuwa nyeusi kuliko ya nane.

5 Aprili: Kuzima kutu

Dawa iliyobaki kwenye vijishimo itaendelea kula isipozimwa. Mitutu ilichemshwa mara ya mwisho kwenye maji yaliyokenekwa yenye kijiko kikubwa cha bekingi soda kwa lita, ikasuuzwa kwa maji matupu ya moto, ikakaushwa. Kijiti kikatolewa kwenye tundu, mitutu ikawekwa juani tundu chini, kisha mafuta mepesi ya kufukuza maji yakaingizwa kidogo ndani na kuachwa yachuruzike siku nzima. Ndiyo, mafuta yale yale tuliyohangaika kuyatoa. Bila hayo, uwazi huo ungeoza kwa ndani.

Nje ilipakwa mafuta ya injini SAE 30 mapya, mengi, ikaachwa usiku. Rangi huzama zaidi kwa mafuta. Kijivu kilichokuwa kimebaki kwenye vijishimo hakionekani tena isipokuwa kwa mwanga wa pembeni.

Ndani ya mitutu vizibo vilifanya kazi yake, isipokuwa sm 1 ya mdomo wa kushoto iliyopata kutu nyepesi. Brashi ya shaba na mafuta, imetoka.

9 Aprili: Vitu vidogo

Kinga ya triga ni chuma (sumaku inashika, na ni vizuri kuhakikisha kwa sababu nyingine ni za alumini), ilipitia raundi zake pamoja na mitutu. Vichwa vya parafujo vilisuguliwa kwa 400, vikapangwa ndani ya sinia la mchanga mkavu juu ya makaa, vichwa juu. Rangi hupita majani makavu, kahawia, zambarau, halafu samawati kwenye nyuzi 300 hivi. Toa hapo hapo, tumbukiza kwenye mafuta. Ukisita, samawati inafifia kuwa kijivu na unarudi kwenye msasa. Springi hazipiti kwenye sinia hilo kwa hali yoyote.

12 Aprili: Gharama, kwa shilingi za Uganda

Tangi 160,000. Dawa ya kutu pamoja na kuisafirisha 190,000. Makaa 60,000. Asetoni 50,000. Tupa na misasa 45,000. Stiliwaya 0000 40,000. Maji yaliyokenekwa 30,000. Pamba, glavu, bekingi soda, magadi 25,000. Mafuta na nta 20,000. Tina 15,000. Jumla 635,000.

Tangi litabaki, na chupa ya dawa imetumika chini ya robo, kwa hiyo bunduki ijayo haitafika nusu ya hapo. Pa kubania matumizi ni tupa tu, kama unayo nzuri. Asetoni na stiliwaya usibanie.

10 Mei: Ukaguzi baada ya mvua

Mitutu ilihifadhiwa kabatini mwezi mzima, makusudi bila kupanguswa. Vumbi jekundu limetokea mahali pawili: kwenye mshono wa chini karibu na tundu, na ndani ya vijishimo vitatu mkono unaposhika. Hii ni kutu ya baadaye, dalili kwamba soda haikufika chini kabisa. Imepanguswa kwa mafuta na stiliwaya 0000, maji ya moto ya bekingi soda yakamwagwa juu ya sehemu hizo tu kwa birika la chai, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Weusi chini yake haukuondoka.

Nta ya nyuki imepakwa juu ya mafuta ikiwa vuguvugu, mahali mkono unaposhika tu. Sehemu hizo mbili zitatazamwa tena mwishoni mwa Juni kabla bunduki haijarudishwa kwa mwenyewe.